Kumtambua banakeli ukiwa Moshi: kutoka ndoo ya Tanga hadi jina la spishi

Kutoka Moshi hadi pwani ya Tanzania iliyo karibu nasi ni takriban kilomita 350 za lami: Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, ndipo Tanga. Ninafundisha baiolojia huku juu, na kila mwaka tukifika kwenye krasteshia, kundi la akina kaa na kamba, napata darasa ambalo nusu yake haijawahi kukanyaga mchanga wa pwani. Kaa wanamjua, kamba wanamjua. Banakeli ukimweka mezani wanakwambia, "Mwalimu, hilo si jiwe?"

Siwalaumu, kwa sababu na mimi nilidhani hivyo. Kama umewahi kutembea pekupeku mwambani maji yakiwa yamekupwa, ukachanwa unyayo na vijibwe vidogo vilivyochongoka, basi mmeshakutana. Ni ndugu wa kaa. Anazaliwa akiwa lava, yaani kitoto kidogo kinachoogelea, anabadilika mara kadhaa, kisha anafika hatua ya mwisho ya ulava ambayo hali kitu. Kazi yake ni kutafuta pa kukaa tu. Akipapata, anajigandisha kichwa chini kwa gundi yake mwenyewe, anajijengea ukuta wa chokaa, na maisha yake yote yaliyobaki anakula kwa kupunga miguu majini. Ana jozi sita za miguu yenye manyoya, na hiyo ndiyo nyavu yake. Hata wataalamu walimhesabu pamoja na konokono na chaza hadi miaka ya 1830, pale John Vaughan Thompson kule Ireland alipozifuatilia lava zake na kuona ni za krasteshia. Charles Darwin naye alikaa na wanyama hawa miaka minane, 1846 hadi 1854, kabla hajaandika kitabu kilichompa jina.

Mwongozo huu ni wa mtu wa bara: mwalimu, mwanafunzi, au mdadisi wa Moshi au Arusha anayeletewa banakeli kwenye chupa akiwa ameshakufa. Wa pwani ana faida ya kumwona mnyama akiwa hai juu ya mwamba wake. Sisi tuna ukuta wake, milango yake (vigae vidogo vinavyofunga shimo lake la juu) na lebo. Vinatosha, mradi uvitazame kwa mpangilio na rangi uiache mwisho kabisa.

Kumpata, na kumfikisha salama

Safari yangu ya kwanza nilibeba ndoo ya maji ya bahari yenye banakeli hai, nikaiweka chini ya kiti cha basi. Tulipofika Mombo joto lilikuwa limeshawamaliza. Konda akapita akikunja pua: "Ticha, hiyo ndoo yako vipi?" Abiria wa nyuma wakafungua madirisha. Harufu ilikuwa hasara ndogo. Hasara kubwa niliiona Moshi: nyama zilikuwa zimeoza, na milango midogo ya banakeli wote imedondoka na kuchanganyika chini ya ndoo kama punje za mchele. Sikuweza tena kujua mlango upi ni wa nani, na bila mlango spishi nyingi hazitajiki.

Tangu siku hiyo nawaua palepale ufukweni, kwenye spiriti ya asilimia 70. Ukiwa na spiriti ya maabara ya asilimia 95, pima mililita 740 kisha ongeza maji hadi lita moja. Kuna mwenzangu aliuliza kama Konyagi haiwezi kufaa. Kilevi chake ni asilimia 35, nusu ya unachohitaji, kwa hiyo mwachie mnywaji. Formalini nayo iepuke: isipotulizwa inakuwa na asidi, na asidi hula chokaa taratibu. Utafungua chupa baada ya miezi kadhaa ukute ukuta umelainika na mistari yote ya viungo imepotea.

Usimbandue mnyama mmoja mmoja kwa kisu. Chukua kipande kidogo cha kitu alichogandia, iwe jiwe, ganda la chaza au tawi lililokauka la mkoko. Kama lazima umbandue, pitisha patasi nyembamba chini yake kabisa, kisha tazama mwambani: kimebaki kisahani cheupe au hakikubaki kitu? Liandike jibu hapohapo, tutalihitaji.

Kabla ya yote, ongea na BMU, kikundi cha kusimamia ufukwe, ya kijiji husika. Tanga kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009, na ndani ya hifadhi hukusanyi kitu bila kibali. Usimguse kasa hai hata kama mgongo wake umejaa banakeli.

Na nani kasema lazima ufike Tanga? Makombe makubwa yanayouzwa kwa watalii Arusha mara nyingi yana banakeli mmoja wawili nyuma, muuzaji hawajali hata kidogo. Jikoni kwenye hoteli zinazopika kaa na kambakochi, omba matamvua yanayotupwa. Yachambue kwenye sahani ya maji na unaweza kumpata Octolasmis, banakeli mdogo mwenye kikonyo anayeishi humohumo. Na ukimpata kaa mwenye kifuko laini cha manjano chini ya mkia, kisicho na punjepunje za mayai, huenda umempata Sacculina. Huyo ni banakeli aliyeacha kabisa kujenga ukuta: hutambaza mizizi ndani ya mwili wa kaa, na kaa huyo hazai tena. Anakaa kwenye kundi lake mwenyewe, na hatua zinazofuata hazimhusu.

Lebo

Andika kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, na uitie ndani ya chupa. Wino huyeyuka kwenye spiriti. Lebo iliyobandikwa nje huanguka siku usiyokuwepo.

Andika tarehe, mahali, kitu alichogandia, na alikaa kimo gani cha maji. Hilo la mwisho ndilo watu wa bara tunalisahau. Banakeli wamepangana mwambani kama wapangaji wa ghorofa. Walio juu kabisa, wanaoloweshwa na bamvua (kujaa na kupwa kukubwa kwa maji) na mawimbi yanayorusha matone, mara nyingi ni Chthamalus wadogo wa kijivu. Katikati ndipo Tetraclita anapotamba. Chini, ambako mwamba hauanikwi isipokuwa bamvua likipwa sana, ndiko unakotarajia Megabalanus wakubwa. Ukiandika "mwamba, Tanga" tu, umeshatupa robo ya jibu. "Mwamba, juu kabisa, upande wa kivuli" ni lebo.

Je, kweli ni banakeli?

Mtazame juu. Banakeli wa mwambani ni kilima chenye shimo kileleni, na ndani ya shimo kuna milango. Kwa mtu wa Moshi mfano hauko mbali: ni Kibo ya ukubwa wa kidole, kasoko yake imefungwa kwa vigae vinne. Kilima kisicho na shimo ni koa wa mwambani. Chenye makombe mawili yanayofumba kama kitabu ni chaza.

Swali linalofuata ni kikonyo. Kama mnyama ananing'inia kwenye shina lenye nyama, umeingia upande wa akina Lepas. Lepas anatifera ana mabamba matano meupe yanayong'aa na kikonyo cha kahawia, naye huletwa ufukweni na magogo, chupa na maboya yaliyoelea muda mrefu. Zamani Wazungu waliamini bata bukini huzaliwa kutoka kwake, na jina anatifera limebeba imani hiyo. Mwenye kikonyo chenye manyoya manyoya aliyejificha kwenye nyufa za mwamba, mtilie shaka ya Ibla. Aliyechimba shimo ndani ya jiwe la chokaa akaacha kichwa tu nje, mtilie shaka ya Lithotrya.

Asiye na kikonyo, endelea naye hapa chini. Ndio wengi, na ndio wanaosumbua.

Kuhesabu mabamba

Hapa ndipo pa kutumia muda. Ukuta wa banakeli si kipande kimoja. Ni mabamba yaliyosimama kwa duara na kuungana kama mapipa ya zamani ya mbao, na idadi ya mabamba ndiyo mlango wa familia yake.

Utahitaji lenzi ya mkono inayokuza mara 10, mswaki laini, sindano, penseli na taa. Msugue banakeli kwa mswaki na maji hadi mwani utoke. Usitumie siki wala limau kumng'arisha. Nilimwachia kijana mmoja wa kidato cha tano kazi ya kusafisha, akaona aharakishe kwa siki ya jikoni. Niliporudi, bakuli lilikuwa linatoa mapovu kama soda, na Tetraclita wangu wawili wamebaki na ukuta mwembamba kama ganda la yai.

Weka alama ya penseli kwenye bamba moja, kisha zunguka ukihesabu mistari ya viungo hadi urudi kwenye alama. Bila alama utazunguka mara tatu na kupata majibu matatu. Banakeli wazee wamelika na mawimbi hadi wanafanana na Mawenzi, viungo havionekani kabisa kwa nje. Hao wageuze uwatazame kwa ndani, au achana nao uchukue mdogo wa pembeni. Mara zote chukua wadogo na wakubwa wa mahali pamoja, kwa maana mdogo husoma vizuri kuliko babu yake.

Mabamba manne: fikiria Tetraclita. Manane: fikiria Octomeris. Bamba moja lisilo na kiungo, mnyama amezama ndani ya tumbawe: umeingia familia ya Pyrgomatidae, wapenda matumbawe, ingawa humo wapo pia wenye manne. Mabamba sita ndiyo utakayoyapata mara nyingi, na hapo wengi hukwama, kwa sababu familia mbili za kawaida zina sita: Chthamalidae na Balanidae.

Sita ya nani? Tazama mabati

Kila mtu aliyeezeka nyumba anajua bati moja hulalia jingine. Mabamba ya banakeli hufanya hivyohivyo, na swali ni nani amemlalia nani.

Kwanza tafuta mbele na nyuma. Milango ni minne, jozi mbili. Jozi kubwa zaidi, zenye umbo la pembetatu, zinaitwa skuta (moja ni skutamu). Jozi nyingine, nyembamba zenye ncha kama mdomo wa ndege, zinaitwa terga (moja ni tegamu). Bamba la ukuta lililo upande wa skuta ni rostramu. Lililo upande wa terga, mkabala wake, ni karina.

Sasa tia lenzi kwenye rostramu. Kama pande zake zote mbili zimeingia chini ya majirani, yaani majirani wameilalia, una Chthamalidae. Kama rostramu ndiyo iliyowalalia majirani wa pande zote mbili, una Balanidae. Ni alama ndogo, na kwa mnyama wa milimita 6 itakuumiza macho. Mulika taa kutoka ubavuni, kivuli kitakuchorea ukingo ulio juu.

Nimeona watu wakiruka hatua hii kwa kuwa "huyu ni wa kijivu, atakuwa Chthamalus." Wapo Balanidae waliopauka wakawa kijivu, na wapo Chthamalus waliovaa mwani wakawa kijani. Rangi ije baadaye.

Vunja ukuta

Ndiyo, mvunje mmoja. Ndiyo maana nilisema ukusanye zaidi ya mmoja. Bana bamba kwa koleo ndogo, livunjike kwa upana, kisha tazama mahali lilipovunjika.

Ukuta mgumu usio na tundu unaunga mkono Chthamalus. Safu moja ya mirija iliyosimama wima ni ya akina Amphibalanus na Megabalanus. Safu nyingi za vijitundu, kama sega la nyuki, ni Tetraclita, wala huhitaji kubishana. Megabalanus ana alama yake ya ziada: hata zile sehemu za pembeni ambako mabamba huungana zina vitundu, jambo ambalo Amphibalanus hana.

Halafu sakafu. Lile jibu uliloliandika kule ufukweni sasa lina kazi. Kisahani cheupe cha chokaa kilichobaki mwambani ni sakafu ya Balanidae. Chthamalus na Tetraclita hukalia utando mwembamba tu, na ukiwabandua mwamba hubaki karibu mtupu.

Mpaka hapa hujatumia darubini, na jenasi umeipata au umeikaribia sana.

Milango, halafu rangi

Kwa spishi itabidi uitoe milango. Mweke banakeli kwenye maji yaliyochanganywa na jiki kidogo kwa dakika kadhaa. Jiki hula nyama lakini chokaa huiacha. Milango ikilegea, itoe kwa sindano, isuuze kwa maji mengi, ianike kwenye karatasi nyeusi. Milango ya mnyama mmoja ikae pamoja na ukuta wake, kwenye kichupa kimoja. Kumbuka ndoo ya Mombo.

Unachotazama kwenye skutamu ni mistari ya nje, na kwa ndani ni kovu la msuli na kigongo kilicho kando yake. Kwenye tegamu tazama kijiulimi kinachoshuka kutoka ukingo wa chini: ni kipana au chembamba, kifupi au kirefu, kipo mbali kiasi gani na kona ya karibu.

Nikupe mfano uliopo mezani kwangu. Chupa ya soda ya kioo, iliyookotwa kwenye matope ya ghuba Tanga, ina banakeli wanane, mkubwa wao milimita 14. Mabamba sita. Rostramu imewalalia majirani. Mirija ya safu moja, na viungo havina vitundu. Sakafu ya chokaa, kiasi kwamba hata pale alipobanduka mmoja kuna duara jeupe kwenye kioo. Hiyo ni Balanidae, Amphibalanus. Sasa ndiyo rangi inaruhusiwa kusema: ukuta mweupe wenye mistari ya zambarau inayosimama wima, bila mistari ya kulala. Kama mistari ya kulala ingekatiza ile ya wima ikafanya wavu, ningemwelekea Amphibalanus reticulatus, na jina lake lenyewe linasema wavu. Nilitoa tegamu: kijiulimi kifupi na kipana. Lebo ikaandikwa Amphibalanus amphitrite. Huyu ni msafiri wa meli anayepatikana bandari nyingi za joto duniani, na maji ya chumvi haba hayamsumbui sana, kwa hiyo chupa kwenye ghuba ya matope ni makazi yanayomfaa kabisa.

Kwa Tetraclita rangi husaidia pia, ila kwa tahadhari. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kuna Tetraclita rufotincta, mwenye ukuta uliopakwa wekundu, wakati T. squamosa huelekea kijani na kijivu. Aliyelika hadi mirija ikawa wazi atakudanganya, hivyo tafuta mdogo.

Chthamalus ni mgomvi. Spishi zake zinafanana mno, na watafiti huzitenganisha kwa vinywele na miiba midogo ya jozi za kwanza za miguu, kwenye darubini nzuri, au kwa vinasaba. Ukiwa na darubini ya shule, fungua mmoja uone miguu: jozi mbili fupi, jozi nne ndefu zilizojikunja. (Ukikuta mrija mrefu uliojikunja katikati yao, ni dhakari yake, ambayo kwa baadhi hufika mara nane ya urefu wa mwili, maana mwenyewe hawezi kumfuata jirani. Darasa halisahau hilo.) Kisha andika Chthamalus sp. na uishie hapo.

Kumpanga na kuandika jina

Ngazi zenyewe ni hizi: faila Arthropoda, chini yake krasteshia, ngeli Thecostraca, ngeli ndogo Cirripedia, oda Balanomorpha kwa wale wa kilima, kisha familia, jenasi na spishi. Mgawanyo huu ulipangwa upya kwa upana na Benny Chan na wenzake mwaka 2021, kwa hiyo vitabu vya zamani vya shule vitakupa majina tofauti ya ngazi za juu. Utakutana pia na "Balanus amphitrite" kila mahali: ni mnyama yuleyule wa chupa yetu, aliyehamishiwa Amphibalanus mwaka 2004. Jina lolote ulilolipata lipitishe kwanza kwenye WoRMS, rejesta ya mtandaoni ya majina ya viumbe wa bahari, uone kama bado linatumika.

Mabano kwenye jina yana maana. Lepas anatifera Linnaeus, 1758 hana mabano kwa sababu bado yuko kwenye jenasi aliyopewa siku ya kwanza. Megabalanus tintinnabulum (Linnaeus, 1758) ana mabano kwa sababu Linnaeus alimwita Lepas, na wengine wakamhamisha. Ukiyasahau mabano umesema jambo jingine.

Vinasaba navyo huvunja mipaka tuliyoiheshimu. Chelonibia testudinaria wa migongo ya kasa na Chelonibia patula wa migongo ya kaa walihesabiwa spishi mbili kwa muda mrefu, kwa sura tu. Leo wanahesabiwa spishi moja inayobadilika kufuata inakokaa. Ndiyo maana lebo iseme alikutwa mgongoni mwa nani.

Vielelezo vikavu hifadhi kwenye kisanduku cha kiberiti chenye pamba, milango kwenye kichupa chake, karatasi ya penseli juu. Vya spiriti vikague kila muhula: kifuniko kikilegea spiriti hupanda hewani na kubaki maji, na kwa jua la Moshi la Januari hilo halichukui muda. Ongeza spiriti, kaza kifuniko, rudisha kabatini upande usiopigwa na dirisha.